Kurudi na Kurudishwa: Vitenzi vya Kiingereza na Kiswahili katika Historia ya Wakimbizi wa Ngara na Biharamulo, 1994–2013

Mtafiti anayeandika kwa Kiswahili historia ya wakimbizi katika wilaya za Ngara na Biharamulo hukabiliwa na tatizo la lugha kabla hajafikia tatizo la ushahidi. Sehemu kubwa ya nyaraka za Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi (UNHCR) na za mashirika ya misaada iliandikwa kwa Kiingereza. Katika lugha hiyo, tendo la kurudi huelezwa ama kwa kitenzi return, ama kwa kitenzi chepesi kinachofuatwa na kielezi back: go back, come back, send back, take back, turn back. Kitenzi return huweza kuwa elekezi au kisiwe elekezi bila kubadili umbo lake. Aliyerudi kwa miguu yake na aliyerudishwa na askari hupewa neno moja, na nomino inayotokana nalo haioneshi nani alikuwa mtenda.

Kiswahili hakimpi mwandishi nafasi hiyo. Kutokana na mzizi wa kurudi hupatikana kurudisha na kurudishwa. Kutokana na kurejea hupatikana kurejesha na kurejeshwa. Mizizi yote miwili huhusishwa na Kiarabu, lakini viambishi vinavyobainisha mtenda na mtendwa ni vya Kibantu. Hoja ya makala haya ni kwamba, kwa mwanahistoria wa Ngara, kuchagua kati ya maumbo hayo ndiyo hukumu ya kihistoria yenyewe. Hakuna tafsiri isiyoegemea upande. (Pengine si bahati tupu kwamba kumrudi mtu, katika Kiswahili hichohicho, ni kumwadhibu ili ashike adabu.)

Utata wa neno la Kiingereza uliwahi kuwasumbua hata wanasheria. Mkataba wa Kimataifa wa Wakimbizi wa mwaka 1951, katika Ibara ya 33, unakataza nchi kumfukuza mkimbizi au kumrudisha mahali ambapo maisha au uhuru wake umo hatarini. Katika matini ya Kiingereza, waandishi waliona return haitoshi, wakaweka kando yake neno la Kifaransa refouler, lenye maana ya kumsukuma mtu arudi alikotoka. Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa mwaka 1969 nao ulisisitiza, katika Ibara ya 5, kwamba kurejea kwa mkimbizi lazima kuwe kwa hiari yake. Tanzania ilikuwa mwanachama wa mikataba yote miwili.

Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, watu wanaokadiriwa kufika 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda na kuingia Ngara katika muda wa saa 24 hivi. Kambi ya Benaco ikawa, kwa kipindi fulani, miongoni mwa makazi makubwa zaidi ya watu nchini. Kambi nyingine, zikiwamo Lumasi na Musuhura, zilifuata, na Warundi nao waliendelea kuingia hadi Tanzania ilipofunga mpaka wake na Burundi tarehe 31 Machi 1995.

Tarehe 5 Desemba 1996, wiki chache baada ya makundi makubwa kurudi Rwanda kutoka mashariki ya Zaire, Serikali ya Tanzania na UNHCR zilitoa tangazo la pamoja kwa wakimbizi wote wa Rwanda. Lilisema kwamba sasa wangeweza kurudi kwao kwa usalama, na kwamba walitarajiwa wawe wamefanya hivyo ifikapo tarehe 31 ya mwezi huo. Kisarufi, mkimbizi alibaki mtenda: yeye ndiye angerudi. Lakini juu ya kitenzi hicho paliwekwa kingine, kutarajiwa, kilichomfanya awe mtendwa wa matarajio ya watu ambao tangazo halikulazimika kuwataja katika sentensi hiyo.

Yaliyofuata yaliiweka sarufi hiyo katika majaribu. Karibu katikati ya Desemba, makumi ya maelfu ya wakimbizi waliziacha kambi, wakashika njia ya mashariki, ndani zaidi ya Tanzania, kinyume na Rusumo. Jeshi na polisi waliwazuia na kuwageuza. Kiingereza kina turn back kwa tendo hili na go back kwa lile la kuvuka mpaka. Kwa kuwa kielezi ni kilekile, ni rahisi kwa ripoti kuyaunganisha kana kwamba ni mwendo mmoja. Kwa Kiswahili, waligeuzwa njia, kisha wakarudishwa. Hadi mwisho wa mwezi, karibu nusu milioni ya watu walikuwa wamevuka kuingia Rwanda. Wapo miongoni mwao waliotaka kurudi, na mwandishi anayesema wote walirudishwa anawanyima hao utashi wao. Hata hivyo, kuandika “wakimbizi walirudi” pekee, bila kutaja bunduki zilizokuwa barabarani, kwa maoni yangu ni kosa kubwa zaidi.

Uzito wa kiambishi hicho ulidhihirika tena Januari 1997. Warundi 126 waliondolewa kutoka kambi ya Kitali baada ya vurugu na kukabidhiwa kwa askari wa Burundi mpakani. Zaidi ya 100 kati yao waliuawa muda mfupi baadaye. Hapa hakuna utata: walirudishwa, na Ibara ya 33 iliandikwa kwa ajili ya watu kama wao.

Lugha za wakimbizi wenyewe zilikuwa na utaratibu mwingine. Katika Kirundi na Kinyarwanda, ambazo Kihangaza cha Ngara kina ujamaa wa karibu nazo, guhunga ni kukimbia hatari, na guhunguka ni kurudi kutoka ukimbizini. Kiambishi kinachoongezwa ni ndugu wa kile cha kauli ya kutendua katika Kiswahili, kinachotoa kukunjuka kutoka kukunja. Anayehunguka anautengua ukimbizi wake, na mtenda ni yuleyule aliyekimbia. Kinyarwanda kina pia gutaha, kwenda nyumbani, na gucyura, kumpeleka mtu nyumbani, kitenzi kinachotumika vilevile kwa mchungaji anayerudisha ng’ombe zizini jioni. Kiswahili kina mkimbizi kutokana na kukimbia, lakini hakina kitenzi kimoja cha kuutengua ukimbizi. Hutegemea neno la pili: kurudi kwao.

Neno hilo kwao lilileta shida kubwa mwaka 2013. Mwezi Julai, Rais Jakaya Kikwete, akiwa ziarani mkoani Kagera, aliwapa wahamiaji haramu wiki mbili wawe wameondoka nchini. Septemba ikaanza Operesheni Kimbunga katika mikoa ya Kagera, Geita na Kigoma. Walioondolewa hawakuwa wote wa kizazi cha 1994. Ngara ilikuwa imepokea wakimbizi wa Rwanda tangu miaka ya mwanzo ya 1960, waliopewa makazi Muyenzi, na mwaka 1980 Serikali ilifungua mlango wa uraia kwa maelfu ya Wanyarwanda waliokuwa nchini. Hivyo miongoni mwa walioguswa na operesheni walikuwamo watu waliozaliwa Tanzania na wasiojua nyumba nyingine. Kielezi back hudai kwamba mhusika aliwahi kuwa huko anakopelekwa. Kurudishwa nako hudai hivyohivyo. Kwa mtu aliyezaliwa Biharamulo na kuvushwa Rusumo kwa mara ya kwanza maishani mwake, vitenzi vyote viwili vinasema uongo, na kinachobaki ni kufukuzwa au kuhamishwa. Kiwakilishi nacho hubadilika kufuatana na anayesema: afisa husema kwao, na mwenye shamba lililoachwa Biharamulo, akilitaja shamba hilohilo akiwa ng’ambo ya mto Kagera, husema kwetu.