Jina Kabla ya Kitu: Kisa cha Titanosini

Mwanakemia, sawa na mwalimu wa lugha, hawezi kufanya kazi bila majina. Lakini jina likitangulia ujuzi wa kitu chenyewe, huweza kuuficha ukweli kwa miaka mingi. Katika makala haya twakusudia kueleza jinsi jambo hilo lilivyotokea katika historia ya kampaundi za titaniamu, metali ambayo madini yake yalichimbwa katika mchanga wa Kwale, pwani ya Kenya, mpaka mwaka 2024.

Kisa chenyewe chaanza na chuma. Mwaka 1951 ilitangazwa kampaundi iliyokuja kuitwa ferosini, na mwaka 1952 ikabainika kwamba ndani yake atomi moja ya chuma imekaa baina ya pete mbili, kila pete ikiwa na kaboni 5. Geoffrey Wilkinson, mmoja wa waliolitambua umbo hilo, akazigeukia metali nyingine. Mwaka 1956 yeye na mwenzake walieleza kampaundi ya kijani yenye titaniamu 1, kaboni 10 na haidrojeni 10. Kwa kuifananisha na ferosini, ikaitwa titanosini.

Hata hivyo, sumaku ilikuwa na neno lake. Kitu kikining'inizwa kwenye mizani karibu na sumaku, elektroni zisizo na wenzi hukifanya kivutwe. Zikiwa zote jozi jozi, husukumwa kidogo tu. Titaniamu iliyofungwa na pete mbili hubakiwa na elektroni 2, ambazo zaweza kukaa mbalimbali. Kampaundi ya kijani haikuvutwa. Hiyo ilikuwa dalili, wala si hukumu, kwani elektroni hizo zingeweza pia kuoana.

Mwaka 1970 Brintzinger na Bercaw walionyesha kwamba molekuli ile ina titaniamu 2, si 1. Haidrojeni 2 zimekuwa daraja kati yake, na pete mbili zimeunganika. Elektroni moja ya kila titaniamu imeoana na ya mwenzake. Vipimo vya uzito havikuweza kulifichua jambo hilo, maana 20 kwa 20 kwa 2 ni uwiano ule ule wa 10 kwa 10 kwa 1. Mwaka 1992 picha za eksirei zilithibitisha umbo hilo.

Titanosini ya kweli, yenye titaniamu moja baina ya pete mbili, ilionekana katika fuwele mwaka 1998, baada ya pete kuvikwa vikundi vizito vya atomi vilivyozuia molekuli zisiungane. Hiyo ilivutwa na sumaku: elektroni zake 2 hazikuoana.

Sisi tunaotunga na kufundisha istilahi hatuna budi kulizingatia hilo. Hesabu ya sehemu za kitu haitoshi kukifasili. Hapana budi tujue pia zimepangwaje na hutendaje.