Minyoo ya nzohe: yai lisiloelea ndilo la kuhofiwa

Hifadhi ya Taifa ya Kinamasi cha Saiwa, iliyo karibu na mji wa Kitale, ilianzishwa mwaka 1974 ili kumlinda nzohe, swala wa majini aliye adimu nchini Kenya. Eneo lake ni takriban kilomita 3 za mraba tu, nayo imezungukwa na mashamba na malisho.

Kinamasi kinachomficha nzohe huwafaa pia konokono wanaoeneza minyoo bapa ya ini. Viluwiluwi vya minyoo hiyo hutoka kwa konokono, hujishikiza kwenye majani ya majini na kumezwa na mnyama anapokula.

Ili kumpima mnyama adimu bila kumkamata, wataalamu huokota kinyesi chake kingali kibichi. Sehemu moja huchanganywa na maji ya chumvi nyingi, na mayai ya minyoo ya duara huelea juu. Mayai ya minyoo bapa ni mazito, hayaelei. Kwa hiyo sehemu ya pili huoshwa kwa maji matupu na kuachwa itulie, kisha mashapo yake huchunguzwa kwa hadubini. Yai la mnyoo wa ini lina rangi ya manjano. La mnyoo bapa wa tumboni hufanana nalo, ila halina rangi.

Apimaye kwa chumvi pekee aweza kumtangaza mzima mnyama ambaye ini lake linaharibika. Kosa hilo huwagusa pia wafugaji wa Kitale na Bungoma, kwani minyoo ya ini huwashambulia ng'ombe, kondoo na hata binadamu.