Intumba za Ufipa

Nchi ya juu ya Ufipa, iliyoinuka baina ya Ziwa Tanganyika na bonde la Rukwa kupita mita 1,500 juu ya bahari, ina sehemu kubwa zisizo na miti, nyasi tupu mpaka upeo wa macho. Na ilhali Wabemba wa kusini, waliojaliwa misitu, walikata matawi wakayachoma ili majivu yake yarutubishe mashamba, Mfipa wa tambarare hizo hakuwa na budi kuitafuta rutuba ndani ya nyasi zenyewe.

Kwa jembe la chuma kilichoyeyushwa katika matanuru marefu ya udongo, ambayo baadhi yake yangali yamesimama, aliipindua ardhi pamoja na nyasi zake, akaikusanya kuwa kilima cha duara kiitwacho intumba, nyasi ndani na udongo juu, akapanda maharage. Na msimu uliofuata alikivunja, akautandaza udongo uliokwisha kulainika, akasia ulezi. Humo ndani bakteria na kuvu walizila nyasi wakazigeuza mboji, na katika vinundu vya mizizi ya maharage bakteria wa namna nyingine walipokea sukari ya mmea, nao wakaulipa naitrojeni waliyoitwaa hewani. Ulezi, usio na vinundu, uliishi kwa urithi huo.

Hekima kubwa kuliko zote, kwa maoni yangu, ilikuwa katika kuchagua wakati. Kazi ilifanywa mvua zingalipo, kwani kiangazi cha Ufipa huanza Mei kikaendelea hata Oktoba, na vijidudu vya udongo vikikosa maji hulala, na nyasi zilizofukiwa hubaki nyasi.

Joseph Thomson, Mskoti aliyepita huko mwaka 1880, aliwasifu Wafipa kwa bidii yao ya kilimo. Miaka minane baadaye Hellriegel na Wilfarth, Wajerumani, walichapisha ushahidi wa kazi ya vinundu. Na mwaka 1904 mwenzao Lorenz Hiltner akaupa jina la kitaalamu udongo uizungukao mizizi, wakati bendera ya dola yake ikipepea Bismarckburg, ndiyo Kasanga, mwendo wa siku chache kwa miguu kutoka Sumbawanga, mji wa Ufipa, katika nchi ambayo watu wake walikuwa wakiutumikisha udongo huo huo kwa ilimu waliyorithi kwa wazee wao.

Mkoa wa Rukwa, wenye Ufipa ndani yake, uliundwa mwaka 1974, ukaja kusifika kwa mahindi yaliyostawishwa kwa mbolea ya viwandani. Na ruzuku ya mbolea hiyo ilipoondolewa mwanzoni mwa miaka ya 1990, bei ya mfuko ikapanda, bali intumba, isiyodai ila jasho, ilikuwa ingali ikilimwa.