Ukifika Berlin, Fuata Nyayo za Walimu wa Kiswahili

Kila mara mwanafunzi wetu anapopata nafasi ya kwenda kusoma Ulaya, hurudi idarani na swali lile lile: "Mwalimu, nikifika huko nitazame nini?" Vitabu vya watalii vinalo jibu. Kwa mji wa Berlin vitakuelekeza kwenye Lango la Brandenburg, lililojengwa kati ya mwaka 1788 na 1791 na kupambwa juu yake kwa farasi wanne wa shaba, na kwenye mabaki ya ukuta ulioangushwa mwaka 1989. Nenda ukavione, ni vizuri. Lakini sisi wa Bujumbura tuna sababu zetu za kuutembelea mji ule. Burundi ilikuwa sehemu ya Afrika Mashariki ya Kijerumani mpaka majeshi ya Wabelgiji yalipoingia Usumbura mwezi Juni 1916. Na ndugu msomaji, wewe unayefundisha au kujifunza Kiswahili una sababu ya pili: katika mji ule waliishi wenzako wa kazi. Makala hii inapendekeza ziara ya siku mbili kwa kufuata nyayo zao.

Anzia kwenye barabara ya Unter den Linden, mbele ya jengo kuu la Chuo Kikuu cha Humboldt. Mwaka 1887 chuo hiki, kikiitwa kwa jina la mfalme Friedrich Wilhelm, kilifungua Seminari ya Lugha za Mashariki. Maofisa, wafanyabiashara na wamisionari waliotaka kwenda Afrika Mashariki walijifunza Kiswahili humo. Profesa alikuwa Mjerumani, kwanza C. G. Büttner na baadaye Carl Velten, lakini aliyewafundisha matamshi na mazungumzo alikuwa mtu wa pwani yetu. Mmoja wao alikuwa Amur bin Nasur, aliyefundisha kuanzia mwaka 1891 hadi 1895. Aliandika kwa Kiswahili khabari za maisha yake na za mji wa Berlin, na Büttner akazichapisha mwaka 1894. Kwa hiyo, kitabu cha kwanza cha kuongoza watalii wa Berlin kwa Kiswahili si ndoto: zaidi ya karne moja iliyopita alikuwapo Mswahili aliyewasimulia wenzake mji huo.

Mwaka 1901 Velten alitoa mkusanyo wa habari za wasafiri Waswahili. Ndani yake Sleman bin Mwenye Chande anasimulia safari ya bara mpaka ziwa letu la Tanganyika, na Selim bin Abakari anasimulia safari ya mwaka 1896 ya Urusi na Siberia, akipitia Petersburg, uliokuwa mji mkuu wa Urusi wakati huo. Mmoja alilitazama bara letu, wa pili aliitazama Ulaya, na wote wawili kwa lugha moja.

Kutoka chuoni tembea kwa miguu mpaka barabara ya Wilhelmstrasse. Pale palipokuwa namba 77 palikuwa na nyumba ya Bismarck, na humo ulifanyika Mkutano wa Berlin, kuanzia tarehe 15 Novemba 1884 mpaka 26 Februari 1885. Nyumba yenyewe haipo tena. Utaona majengo ya kuishi watu na kibao cha kumbukumbu. Usisikitike kwamba hakuna cha kupiga picha. Simama tu ufikirie kwamba mataifa 14 yalikaa hapa, na hakuna Mwafrika hata mmoja aliyepewa kiti.

Mchana ingia katika Makumbusho ya Historia ya Asili, barabara ya Invalidenstrasse. Katika ukumbi mkubwa umesimama mfupa kwa mfupa mjusi wa kale mwenye urefu wa zaidi ya mita 13 kwenda juu. Mjusi huyo ni mwenyeji wa Tendaguru, karibu na Lindi, kusini mwa Tanzania. Alichimbuliwa kati ya mwaka 1909 na 1913 na mamia ya wafanyakazi wa Kiafrika, chini ya usimamizi wa Boheti bin Amrani. Mifupa ilibebwa vichwani na mabegani mpaka pwani, mwendo wa siku kadhaa. Ukisoma maelezo ya ukutani, mtafute Boheti kwanza, kisha ndipo uwatafute maprofesa.

Siku ya kwanza imalizie Treptower Park. Mwaka 1896 yalifanyika hapo maonyesho makubwa, na watu zaidi ya 100 kutoka makoloni, wakiwamo watu wa Afrika Mashariki, waliletwa wakae katika vijiji vya kuigiza ili watazamwe. Mmoja wao, Kwelle Ndumbe wa Kamerun, alinunua darubini ndogo ya ukumbi wa michezo akawa anawatazama wale waliokuja kumtazama. Mtalii mwema na akumbuke darubini hiyo.

Siku ya pili ni ya Mtoro bin Mwinyi Bakari na Bayume Mohamed Husen.

Mtoro alizaliwa Dunda, karibu na Bagamoyo, akaja Berlin mwaka 1900 kufundisha katika Seminari. Kila mwanafunzi wetu analijua jina la Desturi za Wasuaheli, kilichotolewa na Velten mwaka 1903. Sehemu kubwa ya kitabu hicho ni kazi ya Mtoro. Mwaka 1904 alioa mwanamke wa Kijerumani, na mwaka uliofuata akasafiri naye kurudi kwao. Walipofika Dar es Salaam, wakuu wa koloni walimzuia kushuka na mkewe. Ikabidi wageuze wote wawili kurudi Ujerumani. Gavana wakati huo alikuwa Graf von Götzen, yule ambaye jina lake lilipewa meli ya ziwani kwetu, ambayo baadaye ilizamishwa, ikaibuliwa na kuanza kazi upya mwaka 1927 kwa jina la Liemba. Mtoro alifundisha tena, safari hii Hamburg, kuanzia mwaka 1909 mpaka 1913. Alifia Berlin mwaka ule ule wa 1927, bila kuiona tena pwani.

Sasa nenda Brunnenstrasse namba 193. Tazama chini, kwenye njia ya waenda kwa miguu. Kuna jiwe dogo lenye bamba la shaba, la aina ambayo Wajerumani wanaiita "jiwe la kujikwaa", kwa maana ya kuukwaza moyo. Limewekwa hapo mwaka 2007 kwa ajili ya Bayume Mohamed Husen. Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, akawa askari mtoto katika Vita Kuu ya Kwanza. Mwaka 1929 alifika Berlin kudai mishahara ya baba yake na ya kwake ambayo haikulipwa. Akaambiwa muda wa kudai umepita. Akabaki, akafanya kazi ya kuhudumia mezani, akacheza katika filamu, na kuanzia mwaka 1931 akafundisha Kiswahili katika Seminari ile ile ya Amur na Mtoro. Mwaka 1941 alikamatwa na polisi wa siri wa Hitler kwa sababu ya uhusiano na mwanamke Mjerumani, akapelekwa kambi ya Sachsenhausen bila kufikishwa mahakamani. Alifia humo tarehe 24 Novemba 1944.

Kambi hiyo iko Oranienburg, kaskazini mwa mji, na treni ya S1 inafika huko. Kuingia ni bure. Lakini kabla ya kwenda, pita mtaa wa Wedding, katika eneo linaloitwa Mtaa wa Kiafrika. Utasoma vibao vya Sansibarstrasse, Tangastrasse, Usambarastrasse, Ugandastrasse. Barabara moja ilipewa jina la Carl Peters mwaka 1939. Filamu ya kumtukuza mtu huyo ilitoka mwaka 1941, na Husen alicheza ndani yake, mwaka ule ule aliokamatwa. Baada ya mabishano ya miaka mingi, Agosti 2024 barabara hiyo iligawanywa ikapewa majina mawili: Anna Mungunda wa Namibia, na Maji Maji. Mwanafunzi wa Kiswahili atakayesimama pale ataweza kuwaeleza wapita njia maana ya maneno hayo.

Tunajifunza nini? Watawala waliihitaji lugha, wakamlipa mwalimu ili wapate maneno ya kuamrisha. Lakini mwalimu alipotaka kuishi kama mtu, kuoa, kurudi kwao, kudai ujira wake, mlango ulifungwa. Lugha ilipewa kiti na mwenye lugha akaachwa amesimama.

Hata hapa kwetu jambo hili si geni. Tangu Burundi ilipojiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, Kiswahili kimepata heshima shuleni. Hata hivyo bado kuna wanaomwita mtu "Mswahili" wakiwa na maana ya mjanja au laghai, na wanaopita Buyenzi kama vile hapana historia. Kiswahili cha Usumbura hakikuletwa na vitabu vya shule. Kilikuja na wachuuzi, askari na wapagazi, kikalelewa na mama zetu na waalimu wa madrasa, ambao majina yao mengi hayajaandikwa popote.

Kwa hiyo tunawapa wanafunzi kazi mbili. Anayekwenda Berlin apite njia hii, kisha atuandikie kwa Kiswahili aliyoyaona, kama alivyofanya Amur. Na asiyekwenda popote achukue daftari, ashuke Buyenzi, amwamkie mzee mmoja, amuulize: nani alikufundisha kusoma, na yeye alitoka wapi? Haba na haba hujaza kibaba. Walimu wale wa Berlin tumewajua kwa sababu maneno yao yaliandikwa. Wa kwetu tusiwaache wakapotea.