Taa ya Injini Haikuwekwa kwa Ajili ya Fundi

Julai 1943, vita vikiendelea, wakazi wa Los Angeles waliamka wakakuta moshi mzito unaowasha macho. Wapo waliodhani Wajapani wameshambulia kwa gesi. Kumbe adui alikuwa wao wenyewe, na magari yao. Miaka michache baadaye Arie Haagen-Smit, mkemia Mholanzi aliyekuwa akichunguza ladha ya nanasi pale Caltech, aliacha mananasi na kuonyesha kwamba jua linapopiga mvuke wa petroli na moshi wa magari, hewa inageuka ozoni.

Ile taa ya manjano kwenye dashibodi, ile inayokufanya uanze kuhesabu pesa, ina mizizi hapo.

California iliunda bodi yake ya hewa mwaka 1967, Haagen-Smit akawa mwenyekiti wake wa kwanza. Sheria kali ya Marekani nzima ikafuata 1970. Ili kuitii, magari mengi ya 1975 yalifungwa katalitiki konvata, kifaa cha kusafisha moshi. Konvata zilizofuata zilikuja na masharti ya mgonjwa tajiri: hazitaki petroli yenye risasi, na zinataka mchanganyiko wa karibu kilo 14.7 za hewa kwa kilo 1 ya petroli, bila kuyumba. Kabureta na bisibisi haviwezi hiyo kazi. Ndiyo maana ikaja sensa ya oksijeni kwenye bomba la moshi, na kompyuta ya kuisikiliza. Sasa sensa ikifa kimyakimya, nani atajua? General Motors walikuwa na taa na misimbo tangu 1981. California ikaja kulazimisha magari mapya, kuanzia modeli za 1988, yajichunguze na yaseme. (Nasema msimbo kwa sababu nikisema kodi utafikiria mwenye nyumba.)

Chukua pikapu ya Chevrolet ya 1990, V8, inamisi, inatoa moshi mweusi, inatetemeka ikisimama. Chini ya dashibodi kuna soketi ya matundu 12. Hakuna mashine inayohitajika: unachukua klipu ya karatasi, unaunganisha tundu A na B, unafungua switchi bila kupiga stata. Taa inamemeta mara moja, inapumzika, inamemeta mara mbili. Hiyo ni 12. Inarudia mara tatu. Maana yake kompyuta haipati ishara kutoka kwa distribyuta, na ni sawa, maana injini haijawaka. Ni kama mtu kukuambia, niko macho, uliza.

Halafu inatoa 33, kisha 45. Ya kwanza inasema volti ya sensa ya presha ya manifoldi iko juu sana. Ya pili inasema moshi una petroli nyingi. Mtu wa haraka anaenda kununua sensa mbili, anafunga, na pikapu inaendelea kukohoa vilevile. Mbona? Kwa sababu sensa ya presha inasoma kupitia mpira mwembamba, na mpira huo ukikaa miaka thelathini juu ya injini ya moto unapasuka. Sensa sasa inapima hewa ya nje. Kompyuta inaamini dereva amekanyaga mafuta hadi mwisho akipanda mlima, kwa hivyo inamwaga petroli. Sensa ya moshi inaiona hiyo petroli na kuripoti. Zote mbili zimesema ukweli mtupu. Kilichokufa ni kipande cha mpira.

Na kuna ambayo pikapu hii haiwezi kusema kabisa. Plagi ikichakaa, hakuna msimbo wake. Kuitambua silinda inayomisi kulikuja na mfumo wa pili, ambao magari madogo yote mapya ya Marekani yalilazimika kuwa nao kufikia 1996: soketi ya matundu 16, misimbo kama P0301, silinda ya kwanza. Kompyuta hutambua jinsi mzunguko wa injini unavyolegea kidogo pale silinda isipopiga. Hata hilo lilitakiwa kwa sababu petroli isiyoungua inachoma konvata. Hewa tena.

Lakini sheria ya 1990 ilifanya jambo lingine ambalo kwangu ni kubwa kuliko yote: iliwataka watengenezaji wawape mafundi wa nje habari za kutengeneza mifumo hiyo. Bila hiyo, kusoma gari yako mwenyewe kungebaki siri ya duka la kampuni.

Kwetu huku, gari nyingi huja zikiwa zimetumika Japani. Toyota nyingi za miaka ya 90 nazo husomwa kwa klipu, ila matundu yanaitwa TE1 na E1. Zile zilizofika na konvata kabla Afrika kusini mwa Sahara haijaachana na petroli ya risasi, mwanzoni mwa 2006, ziliponyweshwa petroli hiyo, konvata iliharibika na sensa ikafuata. Taa ikiwaka kwenye gari kama hiyo, ilikuwa inalalamika kuhusu kituo cha mafuta.

Siku hizi kifaa kidogo na simu vinatosha kusoma gari mpya, na vina kitufe cha kufuta. Fundi akikibonyeza bila kufungua boneti, taa inazima, unalipa, unaondoka. Mpira bado umepasuka. Kompyuta itaona volti ileile, na taa itawaka tena, labda hata kabla hujafika nyumbani.