Majina ya Desemba: Shule za Kikatoliki za Kasese na Bwera

Muhula wa tatu unapofungwa, mwanzoni mwa Desemba, mwalimu mkuu wa shule ya msingi ya parokia huko Kasese, magharibi mwa Uganda, husimama mbele ya wazazi na kusoma majina. Mgeni atadhani anarudia yale yale: Biira, Biira, tena Biira, Baluku, Bwambale, Masereka, kisha Bwambale mwingine. Wakonzo, watu wa milima ya Rwenzori, humpa mtoto jina kwa nafasi aliyozaliwa nayo. Binti wa kwanza ni Masika, wa pili Biira, wa tatu Kabugho, wa nne Mbambu. Kwa wavulana huja Baluku au Mumbere, kisha Bwambale, Masereka, Kule na Thembo. Katika darasa moja akina Biira wanaweza kujaza benchi zima, na kinachowatenganisha kwenye rejista ni jina la ubatizo. Ndiyo maana mzazi husubiri jina lote likamilike kabla ya kupiga vigelegele.

Kusoma majina hadharani, kutaja nani amepanda darasa na nani amekuwa wa kwanza, ni desturi ya shule nyingi za Afrika Mashariki. Lakini hapa chini ya milima ya Rwenzori, watoto walianza kuhesabiwa kwa kuchelewa, na mara kadhaa hesabu hiyo ilikatika. Nadhani hakuna anayeweza kuzielewa habari za mwisho wa mwaka za shule hizi bila kujua ilikatika wapi na wapi.

Mapadre Weupe, wamisionari wa Kikatoliki, walitua Kigungu, karibu na Entebbe, Februari 1879. Padre Simeon Lourdel, ambaye Waganda walimwita Mapeera, na Bruda Amans ndio waliotangulia. Ilichukua miaka 16 misheni yao kufika magharibi: mwaka 1895 Padre Achte alianzisha misheni ya Virika, mahali ambapo leo ni Fort Portal. Mfalme wa Toro, Kasagama, alibatizwa mwaka uliofuata katika Kanisa la Anglikana, akachukua jina la Daudi. Wakatoliki walijenga nje ya kivuli cha ikulu. Kutoka Virika hadi Bwera, kwenye mpaka wa Kongo, ni zaidi ya kilomita 100, na barabara haikuwepo. Aliyefika huko kwanza mara nyingi alikuwa katekista mwenye kitabu kimoja au viwili, akaketi na watoto chini ya mti au ndani ya kibanda cha nyasi.

Mtihani wa mwanzo kabisa wa nchi hii ulikuwa wa dini. Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wa Mapadre Weupe, aliagiza miaka 4 ya mafundisho kabla ya ubatizo. Mtoto alijifunza herufi ili asome sala na katekisimu, kisha padre alipozuru kigango akamhoji. Aliyejibu vizuri alibatizwa, akapata jina jipya, na jina hilo likaandikwa kwenye daftari la parokia. Hakukuwa na cheti wala zawadi ya madaftari, ila ulikuwa uamuzi wa hadharani juu ya mtoto mbele ya wazee wake. Serikali ya Waingereza haikuwa na idara ya elimu hadi mwaka 1925, na hata baada ya hapo sehemu kubwa ya kazi iliendelea kubebwa na misheni, kwa ruzuku.

Jambo lililowauma Wakonzo lilikuwa lugha. Waingereza waliiweka milima hii chini ya ufalme wa Toro, na Kitooro kikawa lugha ya ofisi, ya kanisa na ya darasani. Mtoto wa Bwera aliyeingia darasa la kwanza alijifunza kusoma kwa lugha ya watu waliomtawala, kisha baadaye akakutana na Kiingereza. Aliyeshindwa aliambiwa ni mzito wa kuelewa. Nafasi za masomo ya juu zilikuwa chache, na zilizokuwepo zilikuwa Fort Portal, mbali na nyumbani na mikononi mwa wengine. Wazee wa mlimani walikuwa wameshaasi mara moja: Nyamutswa, Tibamwenda na Kapolya waliongoza uasi, wakanyongwa mwaka 1921. Safari iliyofuata uongozi ulishikwa na mwalimu.

Isaya Mukirane alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Katika miaka ya 1950 aliongoza chama cha kukusanya historia ya Wakonzo, na alipoingia kwenye baraza la Toro alidai watu wake watambuliwe. Mwaka 1962, miezi michache kabla ya uhuru wa Uganda, wajumbe wa Wakonzo na majirani zao Waamba walitoka barazani. Juni 30 mwaka huo huo ufalme wa Rwenzururu ukatangazwa mlimani. Mwaka 1963 serikali ilitangaza hali ya hatari. Mukirane na watu wake walipanda juu, wakakataa kodi ya Toro, na wakafungua shule zao wenyewe.

Hapa nataka msomaji atulie kidogo. Kwa karibu miaka 20 kulikuwa na watoto wa Uganda waliosoma katika ufalme ambao serikali haikuutambua. Walihesabu na kuandika. Mwalimu wao huenda aliwazidi madarasa machache tu, na Desemba ikifika hakukuwa na baraza la mitihani la kupokea karatasi zao. Mukirane alifariki mwaka 1966, na kiti kikarithiwa na mwanawe Charles Wesley Mumbere, mtoto wa miaka 13, umri wa kukaa darasa la saba. Walipopatana na serikali ya Milton Obote mwaka 1982, na Mumbere akashuka mlimani, miongoni mwa alivyoahidiwa ulikuwamo ufadhili wa kwenda kusoma Marekani. Alikwenda. Katika vita vilivyobeba pia manung'uniko ya shule, naona ilistahili kwamba amani nayo ilijumuisha nafasi ya kusoma.

Huku chini bondeni mambo yalikwenda njia nyingine. Reli ilifika Kasese mwaka 1956, na mwaka huo huo shaba ya mgodi wa Kilembe ikaanza kutolewa. Wachimbaji walitoka kila pembe ya Uganda na nje yake. Mji ukawa na watoto wa lugha nyingi, Kiswahili kikawa cha sokoni na mgodini. Karo ilitoka kwenye mshahara wa mgodi, kwenye pamba ya bondeni na kwenye kahawa ya mlimani. Upande wa Kanisa, jimbo la Fort Portal liliundwa mwaka 1961 chini ya Askofu Vincent McCauley, Mmarekani wa Shirika la Msalaba Mtakatifu. Miaka miwili baadaye serikali ya Uganda huru ilichukua usimamizi wa shule za makanisa. Hadi leo shule nyingi tunazoziita za Kikatoliki ni za serikali kwa mishahara na mtaala. Kanisa limebaki mwanzilishi, lenye ardhi, lenye sauti kwenye kamati, na lenye padre anayekuja kuadhimisha Misa. Wakati huo huo elimu ya msingi ikawa ya miaka 7, na mtihani wa darasa la saba ukawa mlango ambao kila mtoto angepaswa kuupita.

Wilaya ya huku ilitengwa na Toro mwaka 1974. Mwaka 1989 likaja jimbo Katoliki la Kasese, na Askofu Egidio Nkaijanabwo akaliongoza hadi mwaka 2014, alipomwachia Askofu Francis Aquirinus Kibira Kambale. Hilo jina la mwisho, sawa na Bwambale, ni la mwana wa pili. Watoto wa Bwera hawahitaji kuelezwa.

Mtihani wenyewe wa darasa la saba husimamiwa na Baraza la Mitihani la Uganda, UNEB, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1983. Hufanyika mwanzoni mwa Novemba: Kiingereza, Hisabati, Sayansi, na Elimu ya Jamii. Kila somo hupewa alama kuanzia 1, iliyo bora, hadi 9, ya kufeli. Zikijumlishwa nne, aliyepata 4 ndiye kileleni, na daraja la kwanza linaishia 12. Ndani ya karatasi ya Elimu ya Jamii kuna maswali ya dini, ambapo mtoto huchagua ya Kikristo au ya Kiislamu. Kwa hiyo katekisimu ya yule katekista wa chini ya mti bado inachangia alama, miaka zaidi ya 100 baadaye. Kabla ya mtihani shule za parokia huwa na Misa ya watahiniwa. Kalamu na rula hubarikiwa, wazazi huleta walichonacho.

Mwaka 1997 serikali ilifuta karo ya shule za msingi, na idadi ya wanafunzi nchini ikaruka kutoka takriban milioni 3.1 hadi milioni 5.3 kwa mwaka mmoja. Madarasa ya Kasese yalifurika kama mengine. Lakini hapa mpango ule ulikuta watu waliokimbia. Novemba 13, 1996 waasi wa ADF walivuka kutoka Kongo na kushambulia Mpondwe, wakaingia Bwera. Miaka iliyofuata maelfu ya familia za mlimani zililala kambini, na mtoto aliyeanza darasa la kwanza kwa furaha ya elimu bure mara nyingi alisomea shule tatu au nne kabla ya kufika la saba, kama alifika. Juni 2023 uchungu huo ulirudi: shule ya sekondari ya Lhubiriha, Mpondwe, ilishambuliwa usiku, watu zaidi ya 40 wakauawa, wengi wao wanafunzi. Vijana hao walikuwa wamepita darasa la saba. Majina yao yalishawahi kusomwa kwenye Desemba fulani katika shule fulani ya msingi, na mama zao walishawahi kupiga vigelegele.

Kati ya matukio hayo mawili kuna mwaka ambao Desemba yake haikufika. Shule za Uganda zilifungwa Machi 20, 2020 kwa sababu ya korona. Mei mwaka huo, madarasa yakiwa matupu, mto Nyamwamba ulishuka kutoka mlimani na mawe makubwa, ukaharibu nyumba na hospitali ya Kilembe. Watahiniwa waliruhusiwa kurudi Oktoba, na mtihani wa mwaka 2020 ukafanyika mwishoni mwa Machi 2021. Mwaka 2021 wenyewe haukuwa na mtihani wa darasa la saba hata kidogo. Shule zilifunguliwa kwa wote Januari 10, 2022. Hakuna nchi iliyofunga shule zake kwa korona muda mrefu kuliko Uganda. Walimu walipoita majina, baadhi ya akina Biira na Masika walikuwa na watoto wachanga. Baadhi ya akina Kule na Thembo walikuwa wameshika bodaboda au mizigo ya mpakani, na hawakuona sababu ya kurudi kukaa na wadogo. Nikiangalia mafanikio ya shule hizi, ninayahesabu hapo kwanza: mwalimu aliyekwenda nyumba kwa nyumba mwaka 2022 kumwomba mzazi amrudishe binti na mtoto wake mgongoni, na binti huyo akaketi tena darasani.

Bwera ina jambo lake la pekee. Mto Lhubiriha ndio mpaka, na ng'ambo yake wanaishi Wanande, ndugu wa Wakonzo kwa damu na lugha. Siku za soko la Mpondwe, Jumanne na Ijumaa, watu huvuka kwa wingi. Na siku za shule huvuka watoto wenye sare. Wazazi wa Kasindi, upande wa Kongo, wanaopenda watoto wajue Kiingereza, au wanaoogopa bunduki za upande wao, huwaleta Uganda. Kwenye orodha ya mwisho wa mwaka wanajitokeza kwa tahajia: Kasereka badala ya Masereka, Kavugho badala ya Kabugho. Juni 2019, Ebola ilipovuka na kufika Bwera, mpaka ulikazwa na mikono ikanawishwa langoni, lakini uhusiano huo haukukatika. Tangu mwaka 2007 mtaala unaruhusu darasa la kwanza hadi la tatu kufundishwa kwa lugha ya mahali, na mtoto wa Kasindi anaelewa Kikonzo tangu siku ya kwanza. Walichokidai wazee wa mwaka 1962 sasa kinamsaidia hata mtoto wa nchi ya pili.

Januari UNEB hutoa matokeo, redio za Kasese huyatangaza, na shule huanza kulinganishwa. Wenye jumla ya 4 na 5 hupigwa picha. Ni haki yao. Wamesoma kwa taa ya sola au koroboi, wengi wao wakiwa wameteka maji kabla ya mapambazuko. Ningependa tu kila shule itangaze pia namba nyingine, ambayo mwalimu mkuu yeyote anaweza kuipata kwa kufungua rejista mbili: watoto wangapi walianza darasa la kwanza miaka 7 iliyopita, na wangapi kati yao waliketi kwenye chumba cha mtihani Novemba. Shule za parokia zina faida hapa, kwa kuwa daftari la ubatizo linaonyesha mtoto alizaliwa lini na kwa nani, na katekista wa kigango anajua amekwenda wapi. Wiki za Januari na Februari, kabla kidato cha kwanza hakijaanza, ndizo za kumtafuta aliyepotea njiani.