Kulfi ya nyumbani

Kulfi ni kitindamlo baridi chenye asili ya Bara Hindi. Hutengenezwa kwa maziwa yaliyochemshwa kwa moto mdogo mpaka yakapungua na kuwa mazito, yakatiwa sukari na iliki, kisha yakagandishwa ndani ya kalibu ndogo bila kukorogwa tena. Inapendwa Lahore, Delhi na Kolkata, na kwa familia zilizohamia kutoka Gujarat na Kachchh ikazoeleka pia Mombasa, Zanzibar na Dar es Salaam, ambako watu wengi huikumbuka kama utamu wa futari na wa harusi. Vitabu vya upishi huiita mara nyingi aiskrimu ya Kihindi, na jina hilo humpotosha mpishi wa nyumbani kabla hajawasha jiko, kwa kuwa humfanya aone kwamba anachokosa ni mashine. Ukweli ni kwamba hakosi kitu. Ulaini ambao aiskrimu huupata kwa kupigwa ndani ya baridi, kulfi huupata kwenye moto, kabla ya baridi kuigusa. Mapishi yote mazuri ya kulfi yanatokana na jambo hilo, na mengi yanayoharibika huharibika kwa kulisahau.

Historia yenyewe inalithibitisha. Katika Ain-i-Akbari, maelezo ya utawala wa mfalme Akbar yaliyoandikwa na Abul Fazl mwishoni mwa karne ya 16, kuna habari za shura, yaani nitrati ya potasiamu, iliyotumika kupozea maji ya kunywa, na za barafu na theluji zilizoanza kuletwa Lahore kutoka milima ya kaskazini mwaka 1586. Shura hupoza tu. Ili kugandisha maziwa inahitajika barafu iliyochanganywa na chumvi, mchanganyiko unaoweza kushuka hadi nyuzi 21 chini ya sifuri. Wauza kulfi wa Bara Hindi walijaza maziwa mazito katika koni za bati, wakaziba midomo yake kwa kinyunya cha unga ili maji ya chumvi yasipenye, kisha wakazizika ndani ya mtungi wa udongo uliojaa barafu na chumvi. Koni ikishazibwa, hakuna mwiko unaoweza kuingia ndani yake. Mtungi uliweza kutikiswa, lakini maziwa hayakuweza kupigwa wala kutiwa hewa. Kwa hiyo kila sifa ya kulfi ilibidi iwemo ndani ya maziwa kabla koni haijafungwa.

Moto hufanya kazi gani, basi? Maziwa ya ng'ombe ni maji kwa asilimia 87 hivi. Yaliyobaki ni mafuta, protini, madini na laktosi, yaani sukari ya maziwa. Yakigandishwa kama yalivyo, maji hayo mengi hujikusanya kuwa fuwele kubwa za barafu, na mlaji hupata kipande kigumu kinachokwaruza ulimi. Mashine ya aiskrimu huzivunja fuwele hizo zikiwa bado changa na kuingiza hewa. Katika aiskrimu ya kiwandani ya bei nafuu hewa huweza kufika nusu ya ujazo. Kulfi hupita njia nyingine: huyaondoa maji yenyewe. Lita 2 za maziwa zikipungua hadi kufikia mililita 900 hivi, yabisi zake hupanda kutoka sehemu ya nane ya uzito hadi zaidi ya robo, na sukari ikiongezwa hufika zaidi ya theluthi. Maji yaliyobaki ni machache na yamezingirwa na mafuta na protini, hivyo fuwele hukosa nafasi ya kukua. Wakati huohuo, joto la muda mrefu huziunganisha protini na laktosi, na kutokana na muungano huo huja rangi ya kahawia hafifu na ladha inayokaribia karameli. Tena kuna malai, ule utando unaojitengeneza juu ya maziwa na kwenye kuta za sufuria. Mpishi mzoefu hautupi. Huukwangua na kuurudisha, nao hubaki katika kulfi kama vipande laini vya kutafuna. Mashine haiwezi kuleta ladha hiyo wala utafunaji huo.

Hata hivyo, moto una mpaka wake, na maelekezo mengi hayautaji. Maziwa yakipunguzwa kupita theluthi ya kipimo cha mwanzo, laktosi huwa nyingi kuliko inavyoweza kuyeyuka katika maji yaliyobaki. Kwenye baridi hujitenga, na kulfi huwa na chembechembe kama iliyoingia mchanga. Ni vyema kusimama kati ya nusu na theluthi. Maziwa ya nyati wa kufugwa, yanayotumika sana India na Pakistani, yana mafuta yapatayo asilimia 7, karibu mara mbili ya yale ya ng'ombe, na hufika uzito unaotakiwa mapema. Anayetumia maziwa ya ng'ombe anaweza kuongeza malai kidogo karibu na mwisho.

Pingamizi la kwanza dhidi ya upishi huu ni la maziwa ya kopo. Maziwa mazito yenye sukari nayo yamepunguzwa maji. Kwa nini mtu asimame jikoni saa mbili akikoroga? Hoja hii ni ya haki, ila inachanganya uzito na upishi. Tangu Gail Borden alipopata hataza yake Marekani mwaka 1856, maziwa hayo hupunguzwa maji katika chombo kilichoondolewa hewa, ambamo huchemka kwa joto la chini sana kuliko la sufuria iliyo wazi. Njia hiyo ilibuniwa ili maziwa yasiungue, na kwa sababu hiyo hutoa uzito bila kiasi kile cha ladha ya kupikwa. Aidha, zaidi ya asilimia 40 ya kopo ni sukari iliyoongezwa, kwa hiyo mpishi hawezi kuongeza uzito bila kuongeza utamu. Maziwa ya kopo yasiyo na sukari yanafaa zaidi, kwani hupashwa joto kali ndani ya kopo na hupata ladha ya kupikwa. Krimu iliyopigwa, ambayo mapishi ya haraka huichanganya na kopo, huingiza hewa, na kinachopatikana ni aiskrimu nzuri ya iliki.

Wengine watajibu kwamba kulfi wanayoikumbuka tangu utotoni ilikuwa ya kopo, na kwao hiyo ndiyo halisi. Kumbukumbu yao ni sahihi na haihitaji kutetewa. Ikiwa kinachotafutwa ni ladha ya nyumba fulani, basi kopo litumike. Lakini mwenye kuikumbuka kulfi nzito, isiyo tamu mno, yenye harufu ya maziwa yaliyopikwa, hataipata ndani ya kopo hata akiongeza zafarani.

Pingamizi la gharama ya nishati ni zito zaidi. Kuvukiza lita moja ya maji kunahitaji takriban mara saba ya joto la kuyafikisha kwenye mchemko, na kwa mwenye mkaa au mtungi wa gesi hilo si jambo dogo. Sufuria pana huokoa muda, si joto lote. Njia bora ya kubana matumizi ni unga wa maziwa: gramu 100 katika lita moja ya maziwa huongeza yabisi mara moja, na mchemko wa nusu saa au zaidi kidogo hutosha kuleta ladha. Kijiko cha unga wa mchele, au kipande cha mkate mweupe kilichosagwa, hushika maji yaliyobaki. Wapo wanaouona mkate kuwa udanganyifu. Kwa kiasi kidogo unasaidia, ukizidi unaleta uji.

Kwa lita 2 za maziwa, gramu 120 za sukari zinatosha, nazo zitiwe mwishoni zisije zikaungua chini. Iliki ipondwe papo hapo. Lozi na pistashio ni za asili, lakini korosho inaafikiana na maziwa vizuri sana na hupatikana kwa wingi pwani. Mchanganyiko upoe kabisa ndani ya friji kwanza, kisha ujazwe katika vikombe vidogo vya chuma na kuwekwa mahali penye baridi kali zaidi kwenye friza. Chombo chembamba hugandisha upesi, na ugandaji wa upesi huzaa fuwele ndogo. Saa 6 hadi 8 hutosha. Kikombe kichovywe majini kidogo kulfi itoke, na iachwe dakika 5 kabla ya kuliwa, kwa kuwa haina hewa ya kuilainisha. Ikiliwa pamoja na faluda, tambi zake na mbegu za tukmaria ziwe tayari kwenye bilauri kwanza. Friza inayofunguliwa mara kwa mara hukuza fuwele, hivyo vikombe vifunikwe vizuri na kulfi iliwe ndani ya wiki mbili.